Kukagua kabati la droo la mwaloni la Kiingereza kabla ya kulilipia

Uso wa mbele usiuamini sana, maana kila aliyelimiliki kabati ameung'arisha au kuukarabati. Umri na mkono wa fundi vitafute ndani.

Hatua ya 1. Toa droo zote, zipange sakafuni kwa mfuatano wake. Laza tochi kandokando ya ubao ili mwanga upite juu yake mshazari. Mistari iliyonyooka ni ya msumeno wa mkono. Mistari ya upinde ni ya msumeno wa duara, ulioenea karne ya 19. Ukiikuta kwenye kabati linalouzwa kama la miaka ya 1680, ama kabati si la zamani hizo, ama ubao huo ulibadilishwa.

Hatua ya 2. Kagua mbavu za droo, yaani mbao zake za pembeni. Katika makabati mengi ya karne ya 17 mbavu ni nene, zimechimbwa mfereji katikati, na droo huning'inia kwenye fito zilizopigiliwa ndani. Baadaye droo zilitelezea kingo zake za chini. Vyovyote iwavyo, mbao zinazosuguana lazima ziwe zimelika pamoja. Droo iliyolika juu ya fito isiyolika imetoka kwingine, au fito ni mpya.

Hatua ya 3. Pindua droo. Hadi miaka ya 1730 hivi, nyuzi za ubao wa chini kwa kawaida zilitoka mbele kwenda nyuma. Kisha zikawa za ubavu hadi ubavu. Mwaloni husinyaa kukata nyuzi, kwa hiyo ufa au mwanya hapo ni dalili njema ya umri.

Hatua ya 4. Tazama misumari. Tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mwaloni, ikikutana na chuma na unyevu huacha weusi kuzunguka msumari. Ndiyo sababu usisugue mwaloni kwa steliwaya na maji: chembe zake zitaacha madoa meusi.

Hatua ya 5. Hesabu matundu ya vishikio kwa ndani. Yaliyozibwa yanaonyesha vishikio vimebadilishwa. Bei ishuke, lakini kabati bado ni zuri.

Hatua ya 6. Sasa mtafute fundi. Gillows, watengeneza fanicha wa Lancaster, Uingereza, walianza kugonga muhuri wa jina lao mwishoni mwa karne ya 18, mara nyingi kwenye ukingo wa juu wa droo. Robert Thompson, seremala wa Kilburn, Yorkshire (1876–1955), alijulikana kwa panya aliyemchonga kwenye fanicha zake kama alama yake. Maseremala wengi wa vijijini hawakuweka jina lolote, na jina la penseli chini ya droo huenda ni la mwenye mali au mkarabati. Lipige picha, ila usilipie nyongeza kwa sababu yake.