Mtu wako akitengwa chumbani kwa ugonjwa, mtunze na akili pia

Hii naiandika kwa yule ambae nyumbani kwake kuna mtu kaambiwa akae peke yake, na yeye ndo mpeleka chakula mlangoni. Mwaka 2021 ilikua zamu yangu, hapa Tanga, Ngamiani, bibi yangu katengwa chumba cha uani kwa korona na mie ndo napitisha sahani. Mwili tuliuangalia vizuri, dawa, uji, maji ya moto, kila kitu, ila siku ya 6 nikaona kachoka machovu ambayo sio ya homa, chakula kinarudi nusu, nikimuamkia shikamoo bibi, umeamkaje, ananijibu nipo tu. Bibi yangu mie, ambae hakuna mtu anapita barazani asimuulize kwao wazima! Ndo nikaanza kuuliza wanaojua na kusoma, na nliyoyapata pamoja na nliyoyakosea yote ntayasema hapa.

Kwanza uelewe kinachomkuta humo ndani. Sisi Tanzania hatukufungiwa majumbani. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, alikua Arusha, kesho yake shule zikafungwa mpaka Juni, watu wanaoingia toka nje wakawa wanakaa karantini siku 14, ila masoko yaliendelea, misikiti na makanisa yaliendelea. Sasa kwenye zile nchi walizofungia watu wote, mtu alikua mpweke kweli lakini anajua na jirani yake yuko ndani vilevile. Wa kwetu anatengwa yeye tu na mtaa unaendelea, anasikia adhana, anasikia miguu ya watu wanaoenda kuswali, muuza kahawa anapita anagonganisha vikombe vyake, kengele za baiskeli, watoto wanagombana, harusi ya nyumba ya tatu watu wanapiga vigelegele, na hakuna anaemuita jina lake. Bibi alikuja kunambia baadae kwamba alichokua anakiogopa sio kufa, alikua anajiona kama ameshakufa na watu wameshamaliza matanga. Mtu akifika hapo hata dawa anaimeza kwa kulazimishwa.

Na wala sio uzee wala udhaifu wa imani kama wengine wanavosema. Mwaka 2003 kulikua na ugonjwa wa SARS, kule Toronto nchini Kanada maelfu ya watu waliwekwa karantini, watafiti wakaja kuwahoji 129 kati yao, karibu 3 katika kila 10 walikua na dalili za sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, na karibu idadi hiyohiyo walikua na dalili za kiwewe, yani kama mtu aliyetoka kwenye ajali, na waliokaa ndani siku nyingi ndo waliokua na hali mbaya zaidi. Korona ilivokuja Shirika la Afya Duniani likasema mwaka wa kwanza peke yake wasiwasi na sonona viliongezeka kwa asilimia 25 duniani. Kwaiyo ukimuona mtu wako amebadilika usimwambie jikaze.

Cha kuangalia ni usingizi kwanza. Mtu anaekaa chumba kimoja mchana anasinzia usiku anakodoa macho, na usiku ndo mawazo yanamjia yote. Afu hasira za vitu vidogo, chumvi imezidi, umechelewa dakika 10. Afu kusahau siku, kuacha kuoga, kushtuka kila akikohoa. Dalili hizi zikija moja moja ni kawaida, zikija zote kwa pamoja na zinaongezeka, ujue sio uchovu.

Jambo la kwanza la kufanya ni dogo sana na mie nlilikosea: mwambie siku. Mwambie unakaa siku kadhaa, sababu ni hii, unatoka tarehe fulani, na muwekee kalenda ukutani afute mwenyewe. Sie tulikua tunamwambia bibi "bado kidogo" tukidhani tunampooza, kumbe kwake bado kidogo ilikua haina mwisho. Na zikiongezwa siku mwambie ukweli siku hiyohiyo na sababu yake.

La pili ni saa za kuongea. Usimpigie unapokumbuka, weka saa. Sie tuliweka baada ya alasiri na baada ya isha, simu yake ni kitochi tu wala haihitaji bando, dakika 5 zinatosha, na mchana mtu anakaa kwenye kigoda nje ya dirisha, mbali kidogo, barakoa usoni, anapiga soga. Kinachomsaidia ni ile kujua kwamba saa 11 jioni kuna mtu, kwaiyo ukiahidi usikose, bora uahidi mara moja kwa siku uitimize. Na ukikaa pale usiongee ugonjwa. Mueleze nani kagombana na nani, samaki leo soko la Deep Sea bei gani, timu yetu ya Coastal wamefungwa au wameshinda, mambo ya kawaida ambayo ungemueleza barazani.

La tatu ndo ninalotaka ulishike kuliko yote: mpe kazi. Tulikua tunamuhudumia bibi kwa mapenzi yote, kala kaletewa, kavaa kafuliwa, na ndo tulikua tunammaliza, kwasababu mtu aliyelea watoto na wajukuu, akitatua ugomvi wa ukoo mzima, ghafla anakua mtu wa kupokea sahani. Siku ya 8 mamdogo akaja na wazo, akamuwekea mlangoni fungu la ukindu, akamwambia mama, nna mkeka naudaiwa na sina mtu wa kunisukia ukili, ile mikanda inayoshonwa kua mkeka, nisaidie. Bibi akakasirika kidogo, nyie mnaniletea kazi nikiwa mgonjwa, afu akaanza. Mara ya kwanza nlisikia akiimba mle ndani ni siku ile jioni. Kufika siku ya kutoka alikua anatuhesabia kwa pima, yani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, sio kwa siku, leo nimesuka pima mbili, jana moja na nusu.

Ila iwe kazi ya kweli, ambayo isipofanyika kuna mtu anakwama. Mtu mzima akijua unamchezea kama mtoto ataumia zaidi. Na isizidi nguvu zake, mwenye homa kali muache alale. Fundi cherehani anaweza kupindia nguo, mwalimu asikilize wajukuu wakisoma kwa simu, shangazi anaejua hesabu za kikoba apigiwe aulizwe fulani kashalipa au bado, mzee wa kazi za bandarini aulizwe na vijana habari za kazi. Hata kuulizwa tu wali wa nazi unapika vipi usishikamane, mpigie muulize kweli na upike alivokwambia. Kitu cha kutoka nje ya chumba kama ule ukili ukipokee siku zake zikiisha, au ufuate alivosema mtu wa afya.

Habari mpunguzie. Kwenye magrupu watu wanatuma maiti, wanatuma sauti za watu wanaolia, na ndugu wanapiga simu mmoja baada ya mwingine kila mmoja na dawa yake, jifukize na hiki, kunywa kile, mpaka mgonjwa anachanganyikiwa hajui amsikilize nani. Chagua mtu mmoja kwenye familia awe ndo msemaji, wengine wakipiga wampigie yeye, na mgonjwa apate habari za ugonjwa mara moja kwa siku toka kwa mhudumu wa afya.

Majirani ndo pagumu. Kuna nyumba ilikua haturudishiani bakuli tupu, wakaacha kuleta, watoto wao wakakatazwa uani kwetu, na bibi aliyaona yote hayo kupitia dirishani. Usifiche kabisa kwasababu uvumi utajaza nafasi, na usitangaze mtaa mzima. Waambie nyumba mbili tatu za karibu, waambie ni siku ngapi na nyie mnafanya nini ili ugonjwa usitoke, na waombe kitu kimoja tu: wakipita waseme hodi bibi, kwa sauti, akiwa kulekule ndani. Karibu wote walikubali, wengi walikua hawajui tu wafanye nini.

Wewe unaehudumia nawe lala, tafuta wa kupokezana nae. Mie nlifikia kulia jikoni.

Na kuna mahali ukili na soga havitoshi. Akisema anataka kufa au bora asingekuwepo, asipolala kabisa siku kadhaa, akisikia sauti ambazo nyie hamzisikii, au akagoma kula kabisa, usisubiri siku ziishe. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, uwaeleze yote mawili, kwamba katengwa na hali yake ya akili ni hii, au wasiliana na hospitali ya mkoa wako, kwetu Tanga ni Bombo, wakwambie mnafikaje. Toa vitu vya hatari chumbani, dawa nyingi usimuachie, na mtu akae karibu na mlango.

Haya yote sio ya korona peke yake. Mwaka 2023 Kagera walipata ugonjwa wa virusi wa Marburg na waliokaribiana na wagonjwa walifuatiliwa siku 21, siku yoyote inaweza kua nyumba yako.

Siku ya kutoka nayo ipange. Watu huwa wanadhani mlango ukifunguliwa yameisha, kumbe kuna wanaokaa wiki na wiki wanaogopa mkusanyiko na hawataki kushikwa mkono. Usimfanyie sherehe ya watu 40. Mpeleke kwanza mahali pamoja anapopapenda na watu wawili watatu, asubuhi. Sie tulimkalisha bibi barazani, mamdogo akaleta zile pima zote wakaanza kuushona ule mkeka, na yule jirani wa bakuli akapita, akasimama, akauliza kama anaweza kukaa.