Somo: Kuiandaa Haisi ya kulala kwa baridi ya Njombe na Makete

Wakuu, mwezi wa Julai hapa Dar tunavaa sweta asubuhi na kulalamika. Kule Makete na Kitulo majani yanaamka meupe kwa sakitu. Kama unapanga kulala ndani ya gari huko, maandalizi yamalizie hukuhuku, kwa fundi anayekujua.

1. Rejeta. Gari nyingi za Dar zinatembea na maji ya bomba tu. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na bloku ya injini hainyumbuki. Mwaga yote, suuza, weka kulanti (dawa ya rejeta inayozuia maji kuganda) na maji yasiyo na chumvi nusu kwa nusu. Itakusaidia hata kwenye mlima wa Kitonga, kwa sababu inachelewa kuchemka.

2. Betri. Kwenye nyuzi 0 hupoteza kama theluthi ya nguvu yake. Ikiwa hapa Mbezi tu asubuhi inasuasua, nunua nyingine.

3. Vioo na sakafu. Hapa ndipo wengi wanalipua kazi. Watu wawili wakilala ndani, pumzi zao zinageuka maji kwenye bati na vioo, na godoro linaota ukungu kwa chini. Bandika gazeti kwenye kioo, chora ukingo, kata povu la godoro ukizidisha sentimita moja ili libane lenyewe bila gundi. Sakafuni panga fito, juu yake plaiwudi, ndipo godoro, hewa ipite. Halafu acha madirisha mawili wazi upana wa kidole, usiku kucha. Ndiyo, hata kwenye baridi. Blanketi nzito zipo soko la Karume, huna sababu ya kuziba gari kama chupa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, jiko la mkaa likishaisha moshi naweza kuliingiza ndani nipate joto?
Jibu: Usithubutu. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa kitambaa, weka miguuni.

Swali: Alfajiri gesi inawaka kinyonge wakati mtungi bado mzito. Nimeuziwa feki?
Jibu: Si lazima, dada. Gesi ya kupikia ina butani, na butani ikikaribia nyuzi 0 inagoma kugeuka mvuke. Uweke mtungi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Usiusogeze motoni hata kidogo, na pikia nje.

Swali: Na upepo wa matairi?
Jibu: Hushuka kama psi 1 kila joto likipungua nyuzi 5 au 6. Pima asubuhi kabla hujatembea, ongeza kama umepungua, na ukirudi Dar pima tena, upunguze kama umezidi.