Volti ya DC isiyotakiwa kwenye kichujio cha opampu

Kabla hujaing'oa opampu (chipu ya kukuza mawimbi), unganisha ingizo la kichujio na ardhi ya saketi, kisha pima tokeo kwa multimita. Volti ikitoweka, ilitoka kwenye chanzo cha mawimbi. Weka kapasita mfululizo na ingizo ili iizuie. Ila ingizo lisikose rezista ya kwenda ardhini, la sivyo tokeo litapanda au kushuka hadi likwame (kosa hilo limewahi kunila jioni nzima).

Volti ikibaki, shuku rezista kubwa. Ingizo la opampu aina ya NE5532 kwa kawaida hupitisha mkondo wa takriban nanoampea 200: kwenye megaomu 1 hiyo ni volti 0.2, ukikuza mara 10 ni volti 2! Jaribu opampu ya TL072, ambayo ingizo lake hupitisha mkondo mdogo zaidi, au gawa rezista kwa 10 na uzidishe kapasita kwa 10. Masafa ya mkato (pale kichujio kinapoanza kupunguza mawimbi) hayabadiliki.