Omo (sehemu ya mbele ya boti) kudundadunda baada ya kufunga injini kubwa

Kwa wenye boti wa Matema na Itungi, wilayani Kyela, mliotoa injini ya nguvu farasi 15 mkafunga ya 40: omo ikidundadunda mnapoongeza mwendo, hata Ziwa Nyasa likiwa shwari, msikimbilie kubadili propela. Injini kubwa ni nzito, na uzito huo wote umekaa tezini, yaani nyuma ya boti. Sogezeni tangi la mafuta na mizigo mbele, kisha ingizeni mguu wa injini karibu na boti kwa kuhamisha pini ya kurekebisha mwinamo wa injini tundu moja. Bamba lililo juu ya propela liwe usawa wa chini ya boti, kwani likizama mno maji huikwamisha boti na mwendo hupungua. Ubao unaobeba injini ukionyesha ufa, hata mwembamba, boti isiingie majini kabla fundi hajauimarisha.