Intaneti ya laini nyumbani, Unguja na Pemba: tafuta mnara kwanza, bando baadae

Suali ninaloulizwa sana ni ninunue ruta gani na bando gani, na kila anaeniuliza namrudisha nyuma kidogo. Kwanza tujue mnara gani unakufikia hapo unapokaa na unakufikia vipi, mana hapo ndo panapoamua kila kitu. Ukishapajua, hata ruta ya bei ya kawaida inafanya kazi ya maana, usipopajua unaweza kununua bando kubwa kuliko yote dukani na video bado ikawa inazunguka tu.

Hii teknolojia ya kutia laini ya simu kwenye ruta naiamini khasa kwa visiwa vyetu. Kampuni kuchimba mtaro na kulaza waya wa faiba mpaka Makangale au Kizimkazi, nyumba moja huku nyengine kule, ni pesa ambayo hairudi leo wala kesho, lakini mnara mmoja wa 4G unazungumza na nyumba zote zilizo upande wake bila ya kuchimba hata shimo moja. Kampuni inapata wateja wa nyumbani kwa mnara uleule iliokwishaujenga kwa ajili ya simu, na sisi tunapata intaneti. Ila ujue kuna jambo watu hawaambiwi: kila upande wa mnara una uwezo wake na mnagawana nyote mlioshika upande huo. Na yule mwenye mawimbi dhaifu ndie anaeula zaidi, kwa sababu mnara unampelekea data yake polepole na kwa kurudiarudia, hivyo anatumia muda mwingi wa mnara kwa kitu kidogo. Nyumba iliyofungwa ovyo inawapunguzia na majirani, iliyofungwa vizuri inawapa nafasi. Kwa hiyo haya ninayoandika hapa si ya faida yako peke yako.

Anza na simu. Chukua simu yoyote ya 4G, azima laini za kampuni tafauti, Yas (ile tuliyokuwa tukiijua kama Tigo), Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL, na usimsikilize mtu anaekwambia kampuni fulani ndo bora Zanzibar nzima, mana kampuni inayokwenda vizuri Michenzani inaweza kuwa hovyo kabisa Micheweni. Weka programu ya NetMonster au CellMapper kwenye Android, wenye iPhone pigeni *3001#12345#* itafunguka sehemu ya vipimo. Achana na vile vistari vya juu ya kioo, kila simu inavichora kwa hesabu zake.

Tizama namba mbili. Ya kwanza inaitwa RSRP, hii ni nguvu ya mawimbi, na siku zote ni hasi, kadri inavosogea kwenye sifuri ndo nzuri zaidi. Ikiwa juu ya -80 uko pazuri sana, baina ya -80 na -95 inatosha kabisa kwa nyumba, -105 ushaanza kupata tabu, ikipita -110 hapo pana kazi. Na usione tafauti ya namba tatu ni ndogo, kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili na kila 10 ni mara kumi. Namba ya pili ni SINR (programu nyengine zinaandika SNR), hii inakwambia mawimbi yako ni masafi kiasi gani ukilinganisha na kelele na minara mengine inayoingiliana. Ikifika 20 ni bora, 10 inakwenda, ikishuka chini ya sifuri hata RSRP ikiwa nzuri hutopata spidi. Watu wengi wanaangalia ile ya kwanza tu, ya pili ndo yenye spidi.

Pima asubuhi, na pima tena usiku baada ya isha watu wakishatulia majumbani na simu zao. RSRP itakuwa ileile takriban lakini spidi itashuka, na ule mshuko ndo unakwambia mnara wako umejaa kiasi gani. Laini inayokupa spidi ya Mbps 30 asubuhi na 2 usiku ni mbaya kuliko inayokupa 12 wakati wote, usidanganyike na kipimo cha saa 4 asubuhi.

Andika na bendi pia, yaani masafa ya mawimbi uliyoyashika, yanahesabiwa kwa MHz, programu itakuonesha. Bendi za chini, 700 na 800, zinakwenda mbali na zinapenya kuta, lakini kwa kawaida hazina upana mkubwa. 1800 iko katikati. 2300 na 2600 zinabeba mzigo mkubwa ila zinachoka haraka na ukuta unazizuia. 5G Tanzania imeanza 2022, na ile ya spidi kubwa inakaa bendi za juu, kwa hiyo usinunue ruta ya 5G mpaka simu ya 5G ikuoneshe hapohapo nyumbani kwako kwamba ipo. Ruta nyengine zinakuruhusu kuchagua bendi kwenye setingi, ukiipata ya namna hiyo ichukue, mana mara nyingi ruta ikiachwa inajishikiza kwenye 800 kwa sababu ina nguvu wakati 1800 ya mnara uleule iko tupu.

Sasa pa kuiweka. Mji Mkongwe nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta nusu mita na zaidi, ukiweka ruta chumba cha chini cha ndani hata mnara ukiwa jirani unajisumbua. Peleka dari ya juu, dirisha linaloelekea mnara, halafu ndani ya nyumba sambaza kwa waya au waifai nyengine. Shamba tatizo ni bati, mawimbi hayapiti juu, yanaingia kwa dirisha na mlango, kwa hiyo na ruta iwe dirishani, si juu ya kabati katikati ya nyumba kwa sababu ndo pana soketi. Nunua ekstensheni.

Na hapo dirishani usiiweke tu ukaondoka. Mawimbi ya 1800 urefu wake ni kama sentimita 17, yanagonga ukuta, bati, gari, yanarudi na kukutana yenyewe kwa yenyewe, pahala yanaongezana na pahala yanauana. Fungua ukurasa wa ruta kwenye simu, mara nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1, imeandikwa chini yake, sogeza ruta nusu shubiri, subiri sekunde ishirini hivi namba zitulie, soma, sogeza tena. Kwenye dirisha moja utaona SINR 6 pembe ya kushoto na 13 pembe ya kulia, nondo zilezile, pazia lilelile. Hii kazi haina gharama yoyote na ndo inayorukwa na kila mtu.

Ikiwa dirisha bora bado linakupa -108, hapo ndo unatoka nje. Pemba hili linatokea sana kwa sababu ya vilima, nyumba iko bondeni, mnara uko nyuma ya kilima na katikati mikarafuu imejaa, na majani yakirowa masika ndo yanakula mawimbi zaidi. Unahitaji mlingoti. Bomba la chuma la mita tano au sita lililofungwa vizuri ukutani, ukiipita miti ya karibu umeshapata mengi.

Hapa una njia mbili. Njia ya kwanza ni antena ya nje na ruta ndani, angalia kwanza ruta ina matundu ya antena, na yawe mawili, mana 4G inatumia njia mbili kwa pamoja na ukichomeka antena moja tu unaweza kupoteza karibu nusu ya spidi. Shida ni waya. Ule waya mwembamba mweusi wanaouuza na antena, mita kumi zake kwenye 1800 zinameza zaidi ya nusu ya mawimbi uliyoyafuata juu, unakuwa umepanda mlingoti bure. Tumia waya mnene na uufanye mfupi. Njia ya pili, na mie nakushauri hii ukiwa na uwezo, ni ruta ya nje yenyewe, laini inaingia ndani ya boksi lililo juu ya mlingoti, kinachoshuka ni waya wa kawaida wa mtandao uliobeba na umeme wake, unakwenda mpaka mita 100 bila kupoteza kitu.

Kuelekeza kunataka watu wawili, mmoja juu na mwengine chini anasoma namba kwa sauti. Zungusha kidogo kidogo, na usiende na mnara unaouona kwa macho tu, zungusha duara zima. Mara nyengine mnara wa mbali kidogo una watu wachache na unakupa usiku mzuri kuliko wa karibu. Ila walio pwani ya magharibi wawe waangalifu, juu ya bahari mawimbi yanasafiri mbali sana, ruta inaweza kushika mnara wa upande wa Tanga au Bagamoyo, unaona namba nzuri siku ya hali ya hewa fulani, kesho haipo. Soma namba ya mnara (Cell ID kwenye ukurasa wa ruta), kama inabadilika badilika kila saa rudi kwenye wa kisiwani.

Chumvi ndo adui mkubwa, khasa mashariki, Paje, Jambiani, Kiwengwa. Kila kiungo cha nje kizungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe, halafu tepu nyeusi juu yake. Vibano viwe vya chuma kisichoshika kutu. Waya kabla ya kuingia ndani uushushe kidogo kama tumbo ili maji ya mvua yadondoke pale yasifuate waya mpaka ndani. Na mlingoti utiwe waya wa ardhi kwa ajili ya radi. Mji Mkongwe usianze kutoboa ukuta wala kusimamisha kitu juu ya paa kabla hujaiuliza Mamlaka ya Hifadhi, ule ni mji wa urithi wa dunia tokea 2000 na nje ya nyumba kuna taratibu zake.

Umeme ukikatika mnara unaendelea kwa betri au jenereta yake kwa muda, kwa hiyo na wewe ukiwa na betri intaneti ipo. Ruta nyingi zinakula wati 8 mpaka 12, betri mpya ya 12V ya 7Ah inakupeleka masaa sita saba hivi. Soma kwanza chini ya ruta kama inataka volti 12 kweli, na usiifunge moja kwa moja kwenye betri inayochajiwa kwa sababu hapo volti inapanda mpaka karibu 14, weka kidhibiti katikati au nunua UPS ndogo ya ruta.

Mpaka hapa ndo ununue bando. Laini isajiliwe kwa alama yako ya kidole na namba yako ya NIDA, si ya kijana wa dukani, piga *106# uhakikishe. Bando linaloitwa la bila kikomo soma masharti yake, mengi yana kiwango ambacho ukikipita spidi inashushwa. Kompyuta zote ziambie kwenye setingi kwamba hii laini ina kipimo (metered) ili zisipakue apdeti zenyewe usiku kucha. Kuwapa waifai wageni wa gesti yako ni jambo la kawaida, lakini ukitaka kuuzia mtaa hiyo ni biashara ya mawasiliano na inataka leseni ya TCRA, nenda ukaulize kabla hujavuta waya kwa jirani.

Na siku ya kwanza intaneti ikikaa sawa, andika kwenye karatasi uibandike karibu na ruta: RSRP, SINR, bendi, namba ya mnara, spidi ya asubuhi na ya usiku. Siku ikienda vibaya unalinganisha. Namba za mawimbi zimeshuka, basi kaangalie mlingoti, waya, au mti uliokua. Namba ni zilezile na spidi ndo imeanguka, tatizo liko kwenye mnara, piga huduma kwa wateja uwape namba ya mnara na saa inapotokea, fundi wao akipewa hivyo ana pa kuanzia, tafauti na kuambiwa tu kwamba netiweki Wete ni mbovu.