Kipaumbele bila kikomo cha kasi hakifanyi kazi

Ndugu zangu mnaogawa intaneti kwenye ofisi na vibanda, kuanzia Mikindani hadi Lindi mjini, msimu wa korosho unapoanza na kila mtu yuko mtandaoni, angalieni jambo hili kwenye ruta ya MikroTik, kifaa kinachogawa intaneti yenu.

Wengi wanaweka kipaumbele 1 (cha juu kabisa) kwa simu za video na 8 (cha chini kabisa) kwa upakuaji, kisha wanashangaa simu bado zinakatika. Ruta haianzi na kipaumbele. Kwanza inampa kila mmoja kasi yake ya uhakika, hata yule wa 8. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa kipaumbele, na hakuna anayevuka kikomo chake cha juu.

Chukua laini ya Mbps 20. Foleni mama, yaani ile inayobeba laini nzima na kuzigawia foleni za watoto kama simu na upakuaji, iwekee kikomo cha 18. Simu zipe uhakika wa 6, upakuaji 4. Zinabaki 8: simu zikizihitaji, zinachukua zote kwanza, mradi kikomo chake kinaruhusu.

Kwa nini 18 na si 20? Hapa ndipo nilipopoteza siku nyingi. Ukiacha foleni mama bila kikomo, au ukazidisha, msongamano unahamia kwenye modemu ya mtoa huduma, na huko kipaumbele chako hakijulikani. Laini ikishuka jioni, punguza zaidi.

Jumla ya kasi za uhakika isizidi kikomo cha mama. Na kipaumbele kiweke kwenye foleni za watoto. Kwa mama hakina kazi.