Kuchora Katuni ya Kurasa 24 Kutokana na Kipindi cha Steed na Bi Peel

Kipindi cha ujasusi cha The Avengers, kilichorushwa Uingereza kuanzia 1961 hadi 1969, kilibebwa na sauti. Patrick Macnee akiigiza John Steed alitoa vitisho kwa upole wa mtu anayeagiza chai, naye Diana Rigg akiigiza Emma Peel alimrushia jibu kabla hajafunga mdomo. Katuni haina sauti wala saa. Kazi yote iliyo hapa chini ni kuhamisha kilichofanywa na sauti kikafanywe na umbo jeusi na ufunuaji wa kurasa. Vifaa ni vile anavyoweza kupata mtu au klabu ya shule Kisumu, Nakuru au Kakamega: karatasi za A4, kalamu za wino na saiba yenye mashine ya kuchapa pande mbili.

Wengine wameshajaribu. Miaka ya 1960 kulikuwa na katuni zake katika magazeti ya watoto ya Uingereza, TV Comic na Diana. Mwaka 1968 kampuni ya katuni ya Gold Key ya Marekani ilitoa toleo moja, ikaliita kwa majina ya wahusika wenyewe kwa sababu kampuni ya Marvel ilikuwa na katuni yake iitwayo Avengers tangu 1963. Kati ya 1990 na 1992 yakaja matoleo 3 ya Steed and Mrs. Peel, ambamo Grant Morrison aliandika na Ian Gibson akachora kisa kikuu. Boom! Studios iliyachapa upya 2012 na kuendeleza visa vipya, kisha 2016 wawili hao wakakutanishwa na Batman wa runinga ya miaka ya 1960. Ukipata kimoja tu cha kusoma, chagua cha Morrison na Gibson. Kisa hicho hakikunakiliwa kutoka kipindi chochote. Kiliandikwa kwa ajili ya karatasi tangu mwanzo, na tofauti inaonekana.

Haki miliki: kwa sheria ya Kenya, kugeuza kazi ya mtu kuwa aina nyingine ni haki ya mwenye kazi. Chora Steed kwa mazoezi. Ukitaka kuuza, badilisha majina, mavazi na kisa, ubaki na mbinu tu.

Sasa hesabu. Kurasa 24 za A5 ni karatasi 6 za A4 zilizokunjwa. Ondoa jalada la mbele na la nyuma pamoja na ndani ya majalada yote mawili, unabaki na kurasa 20 za kisa, yaani ukurasa wa 3 hadi wa 22. Kwa visanduku 5 kila ukurasa, jumla unapata visanduku 100. Sehemu moja ya kipindi ilichukua takriban dakika 50, kwa hiyo kila kisanduku kinabeba nusu dakika. Hapo ndipo utaona kwamba nusu ya mazungumzo lazima yaondoke.

Ya kuondoka utayajua hivi. Tazama kipindi mara ya kwanza mikono mitupu. Mara ya pili zima sauti kabisa, uandike kila kitu unachokielewa kwa macho peke yake: nani kaingia, kashika nini, nani kashtuka. Orodha hiyo ndiyo uti wa katuni. Mara ya tatu rudisha sauti, utafute mambo yasiyoeleweka bila maneno. Kila moja lipatie kitu cha kuonekana (barua, ufunguo, kiatu chenye tope) au sentensi moja fupi. Kikishindikana kuonekana na kisiposemeka kwa sentensi moja, kifute.

Kiputo kimoja kisizidi maneno 15. Miongozo ya Kiingereza huruhusu hadi 25, lakini neno letu moja kama "hatutakuruhusu" hujaza mstari peke yake, na kiputo kikinenepa humla mhusika kichwa. Panga pia nani asimame wapi: anayeanza kusema awe kushoto. Steed na Bi Peel wanataniana kwa kupokezana maneno, na ukimweka anayejibu upande wa kushoto msomaji atasoma jibu kabla ya swali. Mzaha umekufa hapo, na kuusahihisha baada ya wino ni kuchora upya kisanduku kizima.

Kufunua ukurasa ndiyo saa yako pekee. Kurasa za namba witiri ziko kulia, na msomaji hufunua anapomaliza hizo. Basi weka swali katika kisanduku cha mwisho cha ukurasa wa 5, mlango unaofunguka, na mshangao juu kabisa ya ukurasa wa 6. Mshangao ukiuweka ukurasa wa 7, jicho limeshauona tangu msomaji yuko wa 6. Kwenye rasimu ndogo zenye upana wa vidole viwili hakikisha una milango kama hiyo angalau minne katika kisa.

Usianze na sura. Anza na kofia ngumu ya duara, mwavuli uliofungwa na bega la Bi Peel. Jaribio ni hili: paka mhusika mzima weusi, asipotambulika, mkao wake ni mbovu, na hakuna pua itakayomwokoa. Tatizo hutokea wawili wanaposimama pamoja, suti nyeusi ya Steed kando ya vazi jeusi la ngozi la Bi Peel, wakawa donge moja. Acha mstari mweupe wa milimita 1 kati yao, au mpe Steed suti ya mistari. Mapigano ya runinga yafupishe kuwa visanduku vitatu: kabla, baada, na Steed akinyoosha tai. Pigo lenyewe liache msomaji alikamilishe.

Mitaa ya kipindi hicho ilikuwa mitupu kwa makusudi, hata ikaleta hofu, na mchoraji anaokoa muda mwingi. Ukihamishia kisa chako Kisumu, utupu huo hauaminiki Oginga Odinga Street saa nne asubuhi bila boda boda. Tumia reli ya zamani karibu na bandari, au mawe ya Kit-Mikayi. Nakuru ni hazina zaidi: adui mwenye adabu anayesindika pareto ana harufu kamili ya kipindi hicho, maana maadui wake walijificha nyuma ya biashara zenye heshima zilizopinda kidogo.

Chora kwenye A4, maana itapunguzwa hadi asilimia 71. Pambizo iwe milimita 14 pande zote, na 20 upande wa mkunjo. Mashine nyingi za saiba hazichapi hadi ukingoni. Mstari wa kalamu ya milimita 0.3 utakuwa 0.2 na fotokopi itaukatakata, kwa hiyo tumia 0.5 kwa vitu vya ndani na 0.8 kwa umbo. Herufi ziwe na kimo cha milimita 4. Kivuli usikipake kwa penseli, kitatoka uchafu wa kijivu. Weka mistari iliyoachana milimita 1 au zaidi, ikikaribiana hugandana. Kando ya ziwa Kisumu karatasi nyembamba hunywa unyevu, ikajikunja na wino ukatambaa. Tumia manila laini, na uihifadhi imelazwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Skani kwa 600 dpi (nukta kwa inchi), nyeusi na nyeupe bila kijivu. Kupanga kurasa ndiko kunakoharibu kazi nyingi kuliko uchoraji: kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi lazima zijumlike 25. Karatasi ya kwanza ina 24 na 1, nyuma yake 2 na 23. Ya pili 22 na 3, nyuma 4 na 21. Endelea hivyo hadi ya sita, yenye 14 na 11, nyuma 12 na 13. Mwambie mhudumu ageuze kwa ukingo mfupi. Akigeuza kwa ukingo mrefu, kila upande wa nyuma utatoka kichwa chini. Chapa nakala moja, ikunje, isome yote, ndipo uagize zingine.

Stepla ya kawaida haifiki mkunjoni. Omba yenye mkono mrefu, au tandika kadibodi chini, fungua stepla, toboa kutoka nje kisha upinde miguu kwa kijiko. Pini mbili, moja sentimita 5 kutoka ukingo wa juu, nyingine sentimita 5 kutoka wa chini. Karatasi za ndani zitachomoza kidogo mbele. Kata kwa wembe na rula ya chuma baada ya kubana, maana ukikata kabla zitachomoza tena.